Chevening, DAAD EPOS au Erasmus Mundus: nianze na ipi?

Mwanamaji
Wakuu, habari za leo. Nina shahada ya uhandisi wa maji niliyoimaliza miaka mitano na miezi kadhaa iliyopita. Umri 29. Nimefanya kazi miaka mitatu kwenye mradi wa maji vijijini. GPA yangu (wastani wa alama za chuo) ni ya kawaida, si ya kung'ara. Nina mwenzi na mtoto mdogo. Nataka kusoma uzamili nje kwa udhamini kamili, maana ada ya kujilipia siiwezi kabisa. Nimesoma kuhusu Chevening (udhamini wa serikali ya Uingereza), DAAD EPOS (wa Ujerumani) na Erasmus Mundus (wa Umoja wa Ulaya) mpaka zimeanza kuchanganyikana kichwani. Nikitoka kazini muda unaobaki unatosha kuandaa maombi mawili ya maana, si kumi. Mngekuwa mimi mngeanza na ipi, na kwa nini?

Kalamu_Nyeusi
Mkuu, kabla hujapima ipi ina posho nono, pima ipi inakukimbia.

EPOS inataka shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita tangu uipate, na uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili. Kwa hesabu yako umebakiwa na msimu mmoja. Chevening inataka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na haina ukomo wa umri. Ukiikosa mwaka huu, mwakani unarudi ukiwa na mengi zaidi ya kueleza. Ule udhamini wa pamoja wa Japani na Benki ya Dunia nao unataka angalau miaka mitatu ya kazi ya maendeleo, kwa hiyo muda wa kazini haupotei. Kinyume chake, udhamini wa serikali ya Uturuki kwa uzamili unataka uwe chini ya miaka 30, na maombi yake kwa kawaida hupokelewa kuanzia Januari 10 hadi Februari 20. Wewe na 29 yako, huo nao unakuponyoka. MEXT, udhamini wa serikali ya Japani, ni chini ya miaka 35, hiyo bado unayo nafasi.

Nayasema haya kwa uchungu. Niliomba Chevening miaka miwili mfululizo kwa sababu jina lilinivutia, nikakosa yote miwili. Nilipogeukia EPOS, shahada yangu ilikuwa imetimiza miaka saba. Kozi niliyoitamani nilikuwa na kila kitu walichotaka isipokuwa hicho kimoja, na Chevening ingeweza kunisubiri.

Dada_wa_Maabara
Kalamu amesema kweli, ila Erasmus Mundus msiitupe haraka. Mimi nimepitia huko. Kwa kawaida hailazimishi uzoefu wa kazi, na hata aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza anaweza kuomba. Ada inalipwa, bima ipo, na posho ni euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Ukimaliza hulazimishwi kurudi nyumbani.

Sasa sikiliza upande wa pili. Tiketi, viza na kodi ya nyumba ya kuanzia maisha vyote vinatoka kwenye hizo hizo 1,400. Kwangu malipo ya kwanza yalikuja baada ya kufika na kufungua akaunti ya benki, kwa hiyo nauli na mwezi wa kwanza niliazima kwa ndugu. Halafu lazima usome angalau nchi mbili. Mimi nilihama mara tatu ndani ya miaka miwili, na kila kuhama kulikuwa na kibali kipya, nyumba mpya na makaratasi mapya. Nilikuwa peke yangu na bado nilichoka. Kwa mwenye mtoto mdogo naona ni mzigo mkubwa sana.

Na kuhusu GPA: kozi nyingi za Erasmus Mundus huweka wazi kwenye tovuti zao jinsi zinavyogawa alama kwa waombaji. Isome kabla ya kuandika hata sentensi moja. Ukikuta matokeo ya shahada yamebeba sehemu kubwa, peleka nguvu zako kwingine.

Mwanamaji
Asante sana dada. Hapo kwenye mtoto ndipo moyo wangu ulipo. Chevening na EPOS zinasemaje kuhusu familia?

Msafiri_Mpole
Chevening hailipii wategemezi. Tangu Januari 2024 Uingereza imezuia wanafunzi wengi wa uzamili kwenda na familia. Wanaodhaminiwa na serikali hawamo kwenye zuio hilo, lakini gharama za mwenzi na mtoto utazibeba mwenyewe na utatakiwa kuonyesha kwamba fedha hizo unazo. Kozi yenyewe ni ya mwaka mmoja, wengi huamua kuvumilia.

EPOS iko tofauti. Posho ya uzamili ni karibu euro 1,000 kwa mwezi, wanalipa bima na mchango wa nauli, na kwa masharti fulani wanaweza kuongeza kiasi kwa ajili ya familia. Waliochaguliwa huwa pia wanapewa kozi ya Kijerumani kabla ya masomo kuanza.

Kinachowaangusha watu EPOS ni karatasi. Kwa kawaida maombi hutumwa kwenye kozi yenyewe, na kila kozi ina tarehe yake na orodha yake. Nyingine hufunga mapema mno kuliko ulivyozoea, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya masomo. CV iwe ya mfumo wa Europass, yaani muundo wa CV unaotumika Ulaya. Barua ya nia iwe na saini yako. Barua ya mwajiri iwe na nembo, saini, muhuri na tarehe ya karibuni. Mimi mkuu wangu wa kazi alisafiri wiki ile niliyohitaji muhuri, nikachelewa kwa siku mbili na mwaka ukaishia hapo. Omba barua ya mwajiri leo, hata kabla hujachagua kozi.

Safari_Bado
Naomba kuitetea Chevening kidogo. Kwa mtu mwenye GPA ya kawaida ni mlango mzuri, kwa sababu uzito mkubwa uko kwenye insha: uongozi, mahusiano ya kikazi, kwa nini Uingereza, na mipango yako ya kazi. Sharti la kurudi nyumbani angalau miaka miwili halipaswi kukutisha kama mradi wako uko nyumbani. Fulbright, udhamini wa Marekani, nayo ina miaka miwili kwa njia ya viza ya J-1 (ya programu za kubadilishana), tena huko limeandikwa kwenye sheria ya uhamiaji ya Marekani.

Kumbuka tu kwamba Chevening ni maombi mawili. Unaomba udhamini, na unaomba kozi tatu vyuoni mwenyewe, kisha barua ya kukubaliwa bila masharti iwe mkononi kufikia Julai. Vyuo vingine hutoza ada ya maombi, chagua visivyotoza. Matokeo ya IELTS (mtihani wa Kiingereza) hudumu miaka miwili, kwa hiyo ukifanya mtihani sasa yatakufaa msimu huu na ujao. Na anayekuomba pesa ili "akupitishie" Chevening au DAAD ni tapeli. Kuomba hizo mbili ni bure.

Kalamu_Nyeusi
Safari, insha hizo ndizo zilizonishinda. Niliandika "mimi ni kiongozi mwenye maono" na kadhalika. Mwanamaji, usifanye hivyo. Andika pampu ipi iliharibika, nani walikuwa hawaelewani, wewe ulifanya nini siku ya kwanza, na kaya ngapi zilipata maji mwishoni. Hata barua ya EPOS ni hivyo hivyo: chukua tatizo moja lililokushinda kazini, taja somo gani la kozi hiyo linaligusa, na useme utarudi kufanya nini.

Mwanamaji
Nimewaelewa. EPOS kwanza, na Uturuki kwa muda utakaobaki kwa sababu ya umri. Chevening nitaiandalia mwakani, ila IELTS naifanya sasa. Kesho asubuhi naenda kuomba barua ya mwajiri. Tatizo nililochagua ni chumvi kwenye visima vya mradi wetu, tulichimba vitatu tukaviacha. Nikiandika barua ya nia, yupo atakayenisomea?

Msafiri_Mpole
Nitumie kwa ujumbe binafsi, Jumamosi nitakuwa na nafasi. Futa jina la mwajiri kwanza, na hivyo visima vitatu uviweke kwenye aya ya kwanza.