Nimeweka mchezo wa pointi dukani, sasa makeshia hawasalimiani. Naombeni ushauri

Msimamizi_Zamu: Wakuu, nasimamia makeshia sita. Mwezi uliopita nilianzisha mchezo: kila risiti pointi moja, jina la anayeongoza linawaka kwenye skrini, mshindi anapata zawadi. Wiki mbili za mwanzo walichangamka kweli. Sasa hawasalimiani, na jana mmoja alilia stoo. Nifanyeje moto urudi?

Kidole_Chepesi: Ongeza beji na ngazi kama gemu za simu. Mimi niko ngazi ya 212, wife anajua nasoma.

Keshia_Mstaafu: Kila risiti pointi? Wanakupasulia risiti hao. Sisi tulifanya: mteja ana sabuni, daftari na betri, anatoka na risiti tatu. Bibi wa kuhesabu sarafu tunamwelekeza kwa mwenzetu.

Msimamizi_Zamu: Duh. Ndiyo maana risiti zimepanda na mauzo yako palepale.

Mama_Wawili: Kaka, hiyo zawadi inatoka wapi?

Msimamizi_Zamu: Utaratibu wa ndani tu, dada.

Mama_Wawili: Wa ndani ya mfuko wa nani?

Msimamizi_Zamu: Wa mwisho anakatwa kidogo kwenye mshahara. Lakini walisaini! Na orodha ya mwezi huu iko kwa mhasibu, nikiifuta nitaonekana nayumba.

Mama_Wawili: Yumba tu. Mchezo mtu anaweza kukataa kuucheza. Hapo unawala watoto wa wenzio.

Mzee_wa_Makala: Mwaka 2011 iliripotiwa kuhusu wafua nguo wa hoteli za Disney kule Anaheim, Marekani. Skrini kubwa ilionyesha jina na kasi ya kila mmoja. Wenyewe waliiita mjeledi wa umeme, na wapo waliokwepa hata kwenda chooni wasishuke. Toa majina, pima timu nzima, hela irudi.

Jicho_Kavu: Ngojeni kwanza. Juzi huyu kwenye uzi mwingine alisema yeye ni keshia, bosi anamkata. Leo ndiye bosi? CHAI.

Msimamizi_Zamu: Nilipandishwa cheo.

Jicho_Kavu: Ndani ya siku mbili, na mchezo uliuanzisha mwezi uliopita 😂

Kidole_Chepesi: Huyo kapanda ngazi kuliko mimi.

Keshia_Mstaafu: Acheni kucheka. Mdogo wangu, kama aliyelia stoo ni wewe, sema.

Msimamizi_Zamu: Mhasibu anafunga hesabu Ijumaa. Hela ikishakatwa, huwa inarudishwa?