TUMEPIGWA: Tuisheni ya IELTS hapa Mwanza imenikaririsha uongo kuhusu baiskeli, nimeangukia pua

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira kwahiyo mpangilio mtanisamehe.

Mimi ni muuguzi, natafuta njia ya kwenda Uingereza kama wenzangu walivyoenda, na baraza lao la wauguzi linataka kwenye IELTS, ule mtihani wa kingereza, upate 7 kusoma, 7 kusikiliza, 7 kuongea na 6.5 kuandika. Vitatu nimevuka. Kuongea nimepata 5.5. Na mada iliyoniua ni BAISKELI. Yani mtoto wa Kisesa, mzee wangu kasomesha watoto watano kwa daladala ya baiskeli, anabeba abiria kwenye keria mpaka Igoma, asubuhi asubuhi yuko Mwaloni Kirumba anapakia magunia ya dagaa, alafu mimi nikwame kwenye baiskeli??

Sasa sikilizeni nilivyokwama. Nililipa 350,000 kwenye kituo kimoja hapa mjini (jina nalihifadhi), wiki sita, na kitu tulichofanya wiki zote sita ni kukariri madesa. Kila mada ina jibu lake limechapwa, la baiskeli linasema mjomba wangu alininunulia baiskeli nyekundu nilipotimiza miaka saba, na wikiendi huwa naendesha bustanini na marafiki kupunguza stresi, na baiskeli ni rafiki wa mazingira. Mi nikamuuliza mwalimu, sir, mbona hiyo bustani siijui, akaniambia we kariri, ukianza kuwasimulia mambo ya dagaa na umaskini wenu wanakushusha maksi. Darasa zima likacheka na mimi nikacheka kama zuzu.

Siku ya mtihani tuko wengi wa kituo hicho hicho, tunasubiri kwenye korido kila mtu anatembeza midomo kama yuko kwenye rozari. Watu nane wa Mwanza wote tumenunuliwa baiskeli nyekundu na mjomba mmoja. Unafikiri yule msahihishaji ni mjinga? Hao watu wamefundishwa kunusa jibu la kukariri, na kila kitu kinarekodiwa.

Nikaingia. Akauliza kama nilikuwa na baiskeli utotoni, nikamtiririshia mjomba mpaka mwisho, hata pumzi sikuvuta. Akasikiliza, akauliza, ilikuwa rahisi kujifunza kuendesha?

Wakuu, hilo halikuwepo kwenye desa.

Nikaganda. Kichwani naiona Phoenix ya mzee, ndefu kuliko mimi, sifikii siti, mguu nimeupitisha katikati ya fremu chini ya bomba nanyonga nimejikunja upande kama kaa, nashuka kimteremko breki hazishiki nikaingia kwenye shamba la pamba la watu, kovu la kidevuni ninalo mpaka leo. Hadithi yote hiyo ipo, na kingereza cha kuisimulia ninacho, wodini naongea na madaktari wa kigeni vizuri tu. Lakini baiskeli nyekundu ya mjomba imeziba njia. Nikajibu "ndiyo, ilikuwa rahisi sana" nikanyamaza. Akauliza kwa nini. Nikarudia rafiki wa mazingira. Aibu niliyoisikia pale ilinifuata mpaka sehemu ya pili, ile unapewa kadi na dakika moja ya kujiandaa uongee mpaka dakika mbili, nikaongea kama sekunde arobaini nikaishiwa.

Nimerudi ndo nikasoma mwenyewe vigezo vinavyotumika, vipo wazi mtandaoni bure. Ni vinne, kila kimoja robo ya maksi: unavyotiririka na kuunganisha mawazo, msamiati, sarufi, matamshi. Basi. Hakuna kigezo cha kuwa na bustani. Hakuna anayekagua kama baba yako ana gari.

Na kinachoniuma zaidi ni huo msamiati. Walituuzia msamiati wakati fundi baiskeli wa chini ya mwembe kanipa wote bure nikiwa darasa la tatu! Pedeli, cheni, spoku, breki, keria, pampu, tyubu, pancha, hata baiskeli yenyewe, hayo yote si maneno yao tu tumeyavalisha kanzu? Ningeyarudishia matamshi yake nikasimulia pancha ya usiku pale Nyakato na abiria mjamzito kwenye keria, au mzee anavyoshuka kusukuma kila akifika mlima wa Bugando maana mji huu ni mawe matupu. Akiuliza kama watu wa kwetu wanaendesha baiskeli namwambia walikuwa wanaendesha sana mpaka bodaboda zilipojaa, mkulima akiuza pamba kitu cha kwanza ni baiskeli, sikuhizi anawaza pikipiki. Hapo ningemaliza dakika zake zote na asingenikamata popote.

Nimeenda kudai hela yangu. Mhusika ananiambia tatizo ni "kujiamini", eti kuna kozi ya juu, 200,000, madesa mapya. Nilipouliza kwenye grupu la WhatsApp kama wenzangu nao walipewa mjomba, nikatolewa ndani ya dakika tano.

Mliofanya mkapata 7 bila tuisheni, mlikuwa mnajifunza kuongea na nani? Nipeni uzoefu, narudia mtihani na kwenye hicho kituo sikanyagi.

NYONGEZA: mnaokuja inboksi kuuliza jina la kituo, sitaji, ila ukipewa desa lina mjomba na baiskeli nyekundu kimbia.

NYONGEZA 2: jana nimemsimulia mzee yote, yuko uani anakaza spoku za watu, hakuinua hata kichwa. Akasema, "ng'wanawane, sasa si ungemwonyesha tu hicho kidevu."