Reli ya kifo Thailand: ni sawa kwenda kutalii pale?

Mzee wa Mabehewa: Wakuu salama? Nilikuwa Bangkok kufuata mzigo, siku moja sina kazi nikapanda treni Thonburi mpaka Kanchanaburi kuona ile reli ya Wajapani ya kwenda Bama (Myanmar ya sasa), km 415, waliijengesha kwa mateka wa vita na vibarua 1942 hadi 1943. Mateka kama 12,000 walikufia pale. Sasa nafika darajani nakuta watu wanagombania selfi, dada mmoja kakaa kabisa kwenye reli kakunja nne huku treni inapiga honi, pembeni madafu ya baridi na tisheti. Nikajisikia vibaya, ila na mimi nikapiga. Mnasemaje?

Chuma Chakavu: Kwahiyo "nilikuwa Bangkok kufuata mzigo". Sawa bosi, pasipoti tumeiona.

Mzee wa Mabehewa: Mtu anaongelea maiti wewe unaona pasipoti. Roho mbaya hiyo.

Bi Mkora: Muacheni. Mimi kinachoniuma siyo selfi, pale mjini kuna makaburi karibu elfu saba ya wazungu, nyasi zimekatwa, kila moja na kibao chake. Watamil wa Malaya, Wajava na Wabama walikufa mara kadhaa ya hao, vibao vyao viko wapi?

Soga Tupu: Na mto wenyewe pale darajani haukuitwa Kwai, ile filamu ya Daraja la Mto Kwai ilipovuma wakaona watalii wanaulizia mto Kwai ikabidi wabadilishe jina la mto 😂

Mjukuu wa Keya: Babu yangu alipigana Bama kuikomboa hiyo reli msiongee mchezo.

Soga Tupu: Keya (askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) 1944 walikuwa bonde la Kabaw kusogea mto Chindwin, huko huko Bama. Reli iko kusini huko mbali sana.

Mjukuu wa Keya: Unamwita babu muongo? Mzee alikuwa akikunja suruali anatuonyesha alama za ruba mpaka gotini, mvua miezi, matope yanameza gari, wewe umeona Bama kwenye simu.

Soga Tupu: Ruba sijazikataa, nimekataa reli.

Bi Mkora: Shikamoo yake babu. Ila mnalilia mateka wa Wajapani na mnaingia Kariakoo kila wiki kununua viatu. Jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Mwingereza vita ya kwanza, watu walikamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo na wakafa maelfu kwa maelfu kwa njaa na kuhara. Nani kashawahi kusimama pale hata dakika moja?

Chuma Chakavu: Kariakoo usimame dakika moja? Simu inakuwa imeshaondoka.

Mjukuu wa Keya: Hiyo Kariakoo ni ya Nairobi, msituchanganye.

Bi Mkora: Zote mbili mwanangu, Dar na Nairobi, chanzo kimoja.

Mjukuu wa Keya: Mwanangu nani? Mi nina miaka 51.

Chuma Chakavu: Mzee wa Mabehewa, hivi nauli ya hiyo treni ni bei gani?

Mzee wa Mabehewa: Si ulikuwa unacheka pasipoti? Baht 100 kwa mgeni. Wakati wa kwenda kaa kushoto, ukipitiliza Kanchanaburi ukafika Tham Krasae reli inapita juu ya magogo imebana ukuta wa jabali na mto uko chini yako. Pale hakuna anayepiga kelele.

Chuma Chakavu: Dirisha linafunguka? Nataka nitoe simu.