Jedwali la "K-J inashinda 60%" limenila 170,000, na mwalimu kanitoa kwenye grupu

Wakuu, nimevumilia wiki nzima, leo nasema.

Kuna jamaa anajiita mwalimu wa poka, anauza jedwali la karata za kuanzia (zile mbili unazogawiwa mwanzo) kwa 30,000 kwenye grupu la WhatsApp. Simtaji. Ukilipa unatumiwa picha moja: kila karata mbili zina asilimia yake ya kushinda, na zinazovuka 55 zimepakwa kijani, maana yake ingia. K-J za alama tofauti, 60, kijani. A-9 kijani. Hata Q-10 kijani!

Ijumaa nimekaa meza ya watu tisa. Wa kwanza kuongea akapandisha dau, wote wakatupa hadi kwangu. Nina K ya kopa na J ya shupaza. Nikakumbuka ile kijani, nikafuata. Zikafunguliwa tatu za mezani, za kutumiwa na wote: K, 7, 2. Akaweka dau, nikafuata. Ya nne ikaja 4, nikasukuma chipu zangu zote. Jamaa hakuwaza hata sekunde mbili, akafuata. Akalaza A mezani, kisha K juu yake, taratibu, kama mtu anayepanga vikombe. Wote tuna jozi ya K, ila A yake inaipita J yangu; hapo zilikuwa zimebaki J tatu tu za kuniokoa. Ya tano, ya mwisho, ikaja 9.

Nikamwandikia mwalimu: hiyo 60 ni dhidi ya nani? Kajibu, "Bahati mbaya tu mkuu, endelea kufuata jedwali."

Sio bahati mbaya! Nimekaa siku tatu na kikokotoo cha poka. Ukishashika mbili zako zinabaki karata 50, na mpinzani anaweza kushika mbili kwa namna 1,225. Ile 60 ni wastani wa kupambana na mtu MMOJA anayeshika yoyote kati ya hizo, pamoja na 7-2, 8-3 na takataka zote ambazo mchezaji wa kweli anatupa kabla hajagusa chipu. Sasa nani anapandisha dau akiwa wa kwanza, watu wanane nyuma yake, kwa 8-3? Anakuja na A-K, Q-Q, K-K. Mbele ya A-K, K-J yangu inabaki na robo. Mbele ya K-K, kama 10 tu kwa mia. Na meza nzima ya tisa wakibaki mpaka mwisho, hata kwa karata za kubahatisha, ile 60 inashuka chini ya 20.

Kwenye picha yake hakuna neno hata moja kuhusu idadi ya watu, wala umekaa kiti gani, wala nani kapandisha kabla yako. Halafu anawaambia vijana kwamba alama zikifanana basi ndiyo moto kabisa. Zinaongeza pointi mbili tatu, basi! Kupata karata tano za alama moja, mbili zako na tatu za kwanza za mezani, haifiki hata mara moja kwa mia.

Nilipoyaandika haya kwenye grupu, dakika kumi nyingi, nikatolewa. Mle ndani kuna vijana wanaolipia jedwali kwa mkopo wa simu.

170,000 niliiweka mezani mwenyewe, siidai. Ninachodai ni 30,000 yangu irudi, na juu ya ile picha iandikwe kwa herufi kubwa: MPINZANI MMOJA, KARATA ZOZOTE. Mwingine aliyeuziwa ajitokeze hapa, tumfuate pamoja.