Mke wangu anaumwa tumbo muda mrefu, kila tukipima ni taifodi. Nimsaidieje?

Baba Pacha, Nkuhungu
Habari zenu wanajamvi. Mke wangu tumbo linamsumbua tangu mapacha wetu hawajaanza shule. Linajaa gesi, linamsokota chini ya kitovu, anaharisha siku kadhaa, kisha anakosa choo kabisa. Usiku linamwamsha. Amekonda, sketi anazibana kwa pini. Zahanati kila tukienda ni taifodi, UTI au vidonda vya tumbo. Anameza dawa, anapata nafuu, linarudi.

Kinachoniumiza zaidi ni maneno ya ndugu. Mama alikuja toka Mvumi, akaona mkwewe hagusi ugali wa uwele, akasema anadeka. Sasa mke wangu hasemi tena akiumwa. Namjua tu akikaa kwenye kigoda, kanga ameikunja ameikandamiza tumboni. Mliopitia haya, hospitali tuanzie wapi? Na nyumbani nifanyeje asijione yuko peke yake?

Nesi wa Kikuyu
Pole kaka, mpe pole na wifi. Hiyo taifodi isiyoisha msiiamini haraka. Kipimo cha Widal, kile cha taifodi, kinatafuta kingamwili kwenye damu, na hizo hubaki muda mrefu hata ugonjwa ukiwa umeshapona. Kukonda na kuamshwa usiku kunataka uchunguzi, si vidonge vingine. Ombeni rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya ndani. Hapahapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa wanafanya endoskopi, kipimo cha kamera ndogo inayoingizwa tumboni. Ulizieni na TB ya tumbo. Inafanana sana na ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, na kuzitofautisha mara nyingi mpaka wachukue kinyama cha utumbo kikapimwe maabara. Akipimwa H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, kwa choo au pumzi, omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, inasimamishwa wiki 2 kabla na antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Ila asiache dawa bila kumwambia daktari. Akiona damu, au choo cheusi kama lami, nendeni siku hiyohiyo.

Mama Kongwa
Kwangu mgonjwa ni mimi, kwa hiyo nakwambia ya upande wa mkeo. Mume wangu alinunua daftari la shule. Kila jioni tunaandika nimekula nini, choo kilikuwaje, maumivu yalikaa wapi. Kwa daktari muda ni mfupi, nasahau, na kutaja choo naona aibu. Anasoma yeye. Daftari ndilo lililoonyesha kwamba nikila chapati au mandazi kesho yake siamki, lakini uji wa uwele haunifanyi kitu. Nikapimwa, ikawa ngano. Wa kwako huenda ni mwingine kabisa, na asiache ngano kabla ya kipimo, maana akiacha huenda kisione kitu.

Kuhusu mama mkwe, usimwachie mkeo ajibu. Ni mama yako, zungumza naye wewe, na mkeo akusikie ukimtetea.

Mzee wa Kizota
Uliza bima yako inalipia nini kabla ya tarehe ya kwenda hospitali. Karatasi zote weka faili moja.

Baba Pacha, Nkuhungu
Asanteni sana. Mama nitampigia leo jioni. Dada wa Kongwa, hicho kipimo cha ngano kinaitwaje?

Mama Kongwa
Cha damu, tTG. Mwambie daktari unaulizia ugonjwa wa siliaki, yaani huu wa mwili kukataa ngano.