Ukoo wa Babu Keya: khitma ya 24 Novemba

Dada Mkubwa: Assalaam aleikum. Nakumbusha tena: khitma ya Mahjub bin Adam, yule Bayume Mohamed Husen. Kila nyumba elfu kumi. Waliotoa mpaka sasa: mimi.

Kaka Tandika: Waaleikum salaam. Huyo ndugu yetu upande gani?

Dada Mkubwa: Si ndugu. Mzaliwa wa Dar, 1904. Baba yake askari wa Mdachi, na yeye akaingia jeshini mtoto. Oktoba 1917, kwenye mapigano ya Mahiwa kule Lindi, akajeruhiwa, Waingereza wakamteka.

Binamu: Mahiwa ile ile ya Babu? Si alikuwa Keya, jeshi la Mwingereza? Basi Babu ndiye aliyemkamata, tunalipa fidia 😂

Kaka Tandika: Na riba ya miaka mia 😂😂

Dada Mkubwa: Chekeni. 1929 yuko Berlin anadai mshahara wa vita, wake na wa marehemu baba yake. Akaambiwa muda umepita. Akabaki huko, mara mhudumu wa mezani, mara anawafundisha Kiswahili. 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakambeba kwa kosa la kuwa na mwanamke wa Kijerumani. Hakuna kesi. Kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Akafia humo 24 Novemba 1944.

Shemeji: Waliofundishwa hata "pole" hawakumwambia?

Shangazi: Kudai haki ya marehemu, hilo twalijua. Baba Mdogo, medali ya Babu iko wapi?

Dada Mkubwa: Shangazi, tusitoke kwenye mada.

Shangazi: Mada ndiyo hiyo. Tangu matanga ilikuwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Kopo lipo.

Kaka Tandika: Baba Mdogo kasoma, tiki za bluu hizo

Binamu: Pilau itakuwepo?

Bibi (naandika mimi mjukuu, anasema yeye): Nimesomewa yote. Babu yenu kila Alhamisi akisoma Yasini akiwataja wa Mahiwa, wa Keya na wa Mdachi pamoja. Nikamuuliza, hata waliokupiga risasi? Akanambia nao wana mama zao. Asomewe. Hapa kwangu.

Dada Mkubwa: Labeka Bibi.

Kaka Tandika: Labeka Bibi.

Baba Mdogo: Nitaleta mchele.

Shangazi: Na medali.

Baba Mdogo: Mchele kilo kumi.

Shemeji: Jamani, tarehe 24 si ndiyo harusi ya Mbagala?

Dada Mkubwa: Khitma asubuhi, harusi jioni. Nani ana sufuria kubwa? Mbona kimya?

Binamu: Mimi niko kamati ya harusi. Nibakizieni ukoko