Tupeane uzoefu: sisi tunaobana kila senti isipokuwa ya kahawa nzuri

Mbanaji wa Tabata
Wakuu, salaam. Leo mke wangu alipokuwa akifua ameikuta risiti ya kahawa kwenye mfuko wa shati langu, nami nimeona niwaulize wenzangu jambo ambalo sijawahi kulizungumza na mtu. Nguo nanunua za mtumba, chakula cha mchana natoka nacho nyumbani, na bodaboda sipandi kama miguu inafika. Lakini mshahara ukitoka, nanunua robo kilo ya kahawa ya Nyeri, daraja la AA, iliyokaangwa wiki hiyohiyo, kwa fedha ambazo zingelipa umeme wa nyumba yangu mwezi mzima. Naisaga kwa mashine ya mkono alfajiri kabla watoto hawajaamka, na ule uchachu wake wa matunda sijaupata katika kahawa nyingine yoyote. Sioni aibu, wala sina mpango wa kuacha. Wenye tabia hii mko wapi?

Shangazi wa Pangani
Umeyasema yangu yote, mwanangu, hata hiyo risiti.

Fundi Saa
Ndugu, AA ni ukubwa wa punje tu, zile zinazobaki juu ya chekeche lenye matundu makubwa. Haisemi chochote juu ya ladha. Nunua AB, daraja la punje ndogo kidogo, ya kiwanda kilekile, utabakiwa na fedha ya mkate.

Mbanaji wa Tabata
Nimezinywa zote mbili, Fundi, na bado nachagua AA. Fedha ni yangu.

Mpemba wa Ruwi
Mada hii imenigusa pabaya. Nafanya kazi Muscat, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipita mbele ya duka moja lenye kahawa ya aina ya Geisha kutoka Panama, naitazama, naondoka. Mwishowe nilinunua mfuko wa gramu 100 kwa bei inayokaribia gunia la kilo 25 la mchele, nikaufunga ndani ya kanzu na kusafiri nao hadi nyumbani, Wete, kwa nia ya kumpikia baba siku ya Idi. Kahawa hiyo hukaangwa kidogo sana, punje zikabaki na rangi ya hudhurungi, na ukifungua mfuko unapata harufu ya asumini iliyochumwa jioni.

Siku mbili kabla ya Idi wakaja wageni kumposa dada yangu, mimi nikiwa msikitini kwa sala ya alasiri. Nilipokaribia nyumba nikasikia mchi unatwanga kinuni, na moyo ukanipiga. Mama mdogo alikuwa ameukuta ule mfuko, akazitazama punje, akasema mtoto wa watu ameuziwa kahawa mbichi. Akaziweka kwenye kikaango juu ya makaa na kuzikaanga upya mpaka zikawa nyeusi na kutoa mafuta, kisha akazitwanga pamoja na tangawizi kavu, iliki na karafuu, zikaingia kwenye dele zote, bila kubaki hata punje moja. Sikuweza kusema neno mbele ya wakwe watarajiwa. Mama mdogo akanijazia kikombe kwa mkono wake, akasimama kusubiri nimsifu, nami nikamsifu. Yule mzee aliyeongoza posa aliomba kikombe cha tatu.

Shangazi wa Pangani
Pole sana, mwanangu. Nimesoma nimeshika kichwa.

Mwana wa Kibokoni
Pole ya nini? Kahawa imenyweshwa wageni wa posa, na hakuna matumizi bora kuliko hayo. Huku Mombasa kahawa isiyo na tangawizi wala iliki hatumwekei mtu mbele yake.

Fundi Saa
Mwana wa Kibokoni, viungo vina kahawa yake. Anayelipia harufu ya ua halafu akaifunika kwa karafuu ametupa fedha.

Mwana wa Kibokoni
Babu zetu walikunywa hivyo kabla ya hiyo Panama yenu kujulikana.

Mchumi wa Machame
Panama yenyewe imepitia kwetu, ndugu zangu. Mbegu za Geisha zilichukuliwa misitu ya Ethiopia miaka ya 1930, zikafika kituo cha utafiti cha Lyamungu hapa Kilimanjaro, na mwaka 1953 zikapelekwa Costa Rica, kisha zikaingia Panama. Mwaka 2004 shamba la Hacienda La Esmeralda lilishinda nazo katika mashindano ya nchi hiyo, zikauzwa mnadani dola 21 kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Mwaka 2019 Geisha nyingine ya Panama ilivuka dola 1,000 kwa ratili. Mimi nimekulia chini ya migomba yenye kahawa. Tulichuma matunda mekundu tu, tukayamenya, tukaziosha punje na kuzianika, na zote nzuri zikaenda mnadani Moshi. Nyumbani tulibakiwa na zilizopasuka na zilizotobolewa na wadudu, tena mara nyingi tulikunywa chai. Siku hizi nikipata fedha nanunua daraja la kwanza la mlima wetu, na nampelekea mama yangu nusu. Anayeniambia huo ni ufujaji sitamwelewa.

Mbanaji wa Tabata
Mchumi, ahsante. Nitamsomea mke wangu maneno yako usiku huu.

Dada wa Bugando
Ushauri wangu: nunueni buni mbichi mkaange wenyewe kwenye chungu, gharama itashuka sana. Ikishakaangwa, gawanyeni katika vifuko visivyopitisha hewa mweke kwenye friza.

Fundi Saa
Friza hapana. Kila ukifungua, unyevu unaingia. Kopo lenye mfuniko, kabatini, gizani.

Shangazi wa Pangani
Na juu ya kopo muandike dawa ya minyoo, mama wadogo wasilifungue.

Mpemba wa Ruwi
Shangazi, hilo nalichukua. Narudi likizo mwezi ujao, na safari hii nataka ya Kilimanjaro. Mchumi, kama kuna mtu huko Moshi anayekaanga kidogo na kuuza kwa robo, naomba unielekeze.